Mgeni wa kayaki anavaa jile, msafiri wetu havai: kwa nini?

Wakaaji wengi wa Bunia wanalijua Ziwa Albert kwa mambo mawili: samaki, na habari za boti zilizozama. Samaki wanapanda mlima kila siku kutoka Tchomia na Kasenyi, wanapitia Bogoro, wanafika sokoni. Habari mbaya nazo zinapanda njia ileile. Ni wachache sana wanaolitaja ziwa kama mahali pa kwenda kupumzika, kukaa ndani ya mtumbwi mdogo na kupiga kasia pole pole kwa raha tu.

Lakini kusini mwetu, kwenye maziwa ya milimani, watu wanafanya hivyo, na wanalipa pesa kwa ajili yake. Kwenye Ziwa Kivu upande wa Rubavu na Karongi nchini Rwanda, na kwenye Ziwa Bunyonyi huko Uganda, mtu ambaye hajashika kasia tangu azaliwe anafika asubuhi, anafundishwa kidogo, anaingia majini pamoja na mwongozaji, na mchana anarudi nchi kavu akiwa mzima, akicheka, akionyesha picha kwenye simu.

Hapo ndipo swali linatokea. Mgeni asiyejua chochote juu ya maji anarudi salama. Mama mchuuzi aliyevuka ziwa mara mia anazama. Kwa nini? Wengine watajibu haraka: mgeni ana pesa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Makala hii inaangalia kayaki ya wanaoanza, si kwa sababu tunataka kila mtu wa Ituri akanunue moja, bali kwa sababu ndani ya mchezo huo kuna kanuni ambazo zingeweza kuokoa watu wetu.

Kayaki ni chombo gani?

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili. Anayeupiga anakaa akitazama mbele, miguu ameinyoosha, na kasia yake ina mabapa mawili, moja kila upande, kwa hiyo anachota maji kulia na kushoto kwa zamu. Chombo hiki hakikuanza kama mchezo. Ni watu wa nchi za barafu za kaskazini, Wainuiti, waliokitengeneza kwa mifupa au mbao na ngozi, kwa ajili ya kuwinda wanyama wa baharini. Kilikuwa chombo cha kazi, sawasawa na pirogi ya mvuvi wa Kasenyi. Leo nyingi zinatengenezwa kwa plastiki ngumu.

Kuna aina mbili kubwa. Moja imefunikwa, miguu inaingia ndani. Nyingine iko wazi, mtu anakaa juu yake kama kwenye kiti. Wanaoanza mara nyingi wanapewa hii ya pili, kwa sababu ikipinduka mtu anaanguka tu majini, hafungiki ndani, na anaweza kupanda tena. Mara nyingi pia wanapewa ya watu wawili, mwenye woga akae mbele na mwenye uzoefu akae nyuma kuongoza.

Siku ya kwanza inavyoendeshwa

Ukiangalia vizuri jinsi mwongozaji mzuri anavyofanya kazi, utaona kwamba sehemu kubwa ya usalama inamalizika kabla maji hayajagusa mguu wa mtu.

Kwanza, maswali. Unajua kuogelea? Una ugonjwa wowote? Umekunywa pombe? Pili, jile, yaani koti la kuokolea maisha. Linavaliwa na kufungwa kamba zote. Mwongozaji anashika mabegani na kulivuta juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au halikufungwa vizuri. Halilali chini ya kiti likingoja hatari. Mtu akishaanguka ndani ya mawimbi, kuvaa jile ni kazi ngumu hata kwa anayejua kuogelea.

Tatu, somo la nchi kavu: namna ya kushika kasia, kusonga mbele, kugeuka, kusimama, na hasa namna ya kufanya ukianguka. Hakuna kupiga kelele wala kuogelea peke yako kuelekea nchi kavu. Unashika kayaki yako, kwa sababu inaelea na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, na unamngoja mwongozaji.

Nne, njia. Wanaoanza hawapelekwi katikati ya ziwa. Wanafuata ukingo, wanakaa kwenye ghuba zilizokingwa na vilima, na wanatoka asubuhi wakati maji yametulia, kwa sababu kwenye maziwa yetu mengi upepo unaamka mchana. Tano, hesabu. Wametoka wanane, wanarudi wanane, na kuna mtu nchi kavu anayejua saa ya kurudi.

Na sita, jambo kubwa kuliko yote: mwongozaji ana haki ya kusema "leo hatutoki". Wingu likijikusanya juu ya mlima, safari inaahirishwa, hata kama mgeni amelipa, hata kama amekasirika.

Hesabu mwenyewe, msomaji: katika mambo hayo sita, ni mangapi yanahitaji pesa nyingi? Jile, ndiyo. Mengine matano ni mpangilio na mtu anayesikilizwa.

Maziwa ya milimani yana faida gani?

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Mwambao wake umekatika-katika, una ghuba nyingi na visiwa vingi, kwa hiyo mwanafunzi anapata pa kujificha upepo ukija. Halina mamba. Kampuni ya Kingfisher Journeys huongoza safari za kayaki huko upande wa Rwanda, nyingine za saa chache, nyingine za siku kadhaa, watu wakilala kwenye mwambao. Ukipita jioni unakuta wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi yao mitatu iliyoungwa pamoja kwa miti, nyavu katikati. Wageni wanapenda kuona hilo. Maana yake ni kwamba kazi ya mvuvi yenyewe imekuwa sehemu ya kivutio.

Hata hivyo, Kivu si bwawa la hoteli. Ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 470, na chini kabisa limehifadhi gesi nyingi. Upande wa kaskazini, karibu na volkeno, kuna mahali pa kando ya maji ambapo gesi nzito inatoka ardhini na kulala chini bila kuonekana. Watu wa Goma wanaiita mazuku, na imeshaua watu na mifugo. Mgeni hawezi kuona hatari hiyo kwa macho. Mwenyeji anaijua. Ndiyo sababu neno "mwongozaji" lina uzito: mgeni analipia ujuzi wa mtu wa mahali pale.

Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale, liko juu zaidi, kama mita 1,960. Huko mgeni mara nyingi hapewi kayaki ya plastiki bali mtumbwi wa kuchongwa kwenye gogo, uleule wanaopanda wenyeji kwenda sokoni, na watoto kwenda shule. Wageni wanaojaribu peke yao hujikuta wanazunguka mahali pamoja kama pia, na wenyeji wanacheka mpaka machozi. Somo la Bunyonyi ni muhimu kwetu: si lazima kuagiza vyombo kutoka Ulaya. Mtumbwi wa babu, pamoja na jile na mtu anayejua ziwa, unatosha kuwa kazi ya kijana.

Na Kongo yetu? Tulikuwa na mfano. Kwenye kisiwa cha Tchegera, ukingo wa volkeno ya zamani uliojitokeza katika Ziwa Kivu karibu na Goma, Hifadhi ya Virunga iliweka kambi ya hema, na wageni walikuwa wakipiga kasia kwa kayaki ndani ya ghuba yake iliyopinda kama mwezi mchanga, Nyiragongo ikionekana kwa mbali. Lakini utalii wa Virunga umefungwa na kufunguliwa mara nyingi: mwaka 2018 baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii kutekwa nyara, tena mwaka 2020 wakati wa korona. Kisha vita vya M23 vikarudi, na Januari 2025 kundi hilo likaingia Goma. Ziwa ni lilelile, na maji yanayogusa Rubavu ndiyo yanayogusa Goma. Kilichotofautiana ni amani na utawala, si uzuri.

Upande wetu wa maji

Sasa tuangalie namna watu wetu wanavyosafiri.

Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyokuwa ikiwarudisha wakimbizi Wakongomani kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda, ilipinduka kwenye Ziwa Albert. Watu zaidi ya 250 walikufa, wengi wao watoto. Walikuwa wanarudi nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vilipowaka tena Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa hilohilo kuelekea Uganda. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza kwamba boti nyingine za uvuvi zilibeba zaidi ya watu 250, na kwamba safari ilichukua hadi saa kumi. Wengine walipiga kasia ndani ya pirogi ndogo.

Aprili 2019, boti ilizama Ziwa Kivu upande wa Kalehe, na watu kama 150 hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alifika kule, na baada ya hapo akaagiza kwamba kila anayesafiri kwa boti awe na jile. Agizo lilitangazwa nchi nzima. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikikaribia bandari ya Kituku, mjini Goma, mchana, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho. Siku hiyo liwali wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Kwa nini wengi hivyo ndani ya boti moja? Kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Goma hadi Minova, na ziwa ndilo lilibaki kuwa njia.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu msafiri kwamba amepanda boti iliyojaa, tujiulize alikuwa na boti gani nyingine ya kupanda.

Si umaskini peke yake

Turudi kwenye jibu lile la haraka, kwamba mgeni wa kayaki anaokolewa na pesa yake. Novemba 2018, kwenye Ziwa Victoria, upande wa Mukono nchini Uganda, boti ya starehe ilizama usiku ikiwa na vijana wa Kampala waliokwenda kucheza muziki na kunywa. Zaidi ya 30 walikufa. Hao hawakuwa wakimbizi wala wachuuzi wa mihogo. Walikuwa watu wenye uwezo, na walilipia starehe. Lakini boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, haikuwa na kibali, na wengi hawakuvaa jile. Pesa ilikuwepo. Mtu wa kusema "hatutoki" hakuwepo.

Upande mwingine, tumeona agizo la rais halikutosha. Agizo linahitaji mtu bandarini. Kama kazi ya anayekagua ni kupokea franga za kila boti inayotoka, basi boti iliyojaa ni faida kwake, na boti iliyozuiliwa ni hasara. Kama nahodha analipwa kwa hesabu ya vichwa, kila kichwa kinachoongezeka ni chakula cha watoto wake. Kwa mwongozaji wa kayaki mambo ni kinyume: mgeni mmoja akifa, biashara yote imekufa siku hiyohiyo. Yaani, yule anayepanga safari ya raha anapata hasara kubwa ajali ikitokea. Yule anayepanga safari yetu ya kila siku, mara nyingi haimgusi. Boti nyingine inatoka kesho yake.

Hapo ndipo tunaona tofauti yenyewe. Na hapo ndipo msemo wetu wa "ajali haina kinga" unatudanganya. Radi labda haina kinga. Boti iliyobeba watu mara mbili ya uwezo wake, usiku, bila jile, mbele ya wingu jeusi, ina kinga nyingi, na zote zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, tisa kati ya kumi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mtu wa mbali akisoma hesabu hiyo anaona namba. Sisi tunaona majina.

Je, kayaki inawezekana Ziwa Albert?

Vijana kadhaa watauliza: basi kwa nini na sisi tusianze pale Kasenyi? Tujibu bila kupamba. Kwa sasa, kwa wanaoanza, hapana.

Ziwa Albert si ziwa la mlimani kama Kivu au Bunyonyi. Liko chini, bondeni, kwenye mita kama 620 tu, wakati Bunia iko juu ya mita 1,200. Ni refu, kama kilomita 160, na upana wake ni kama 30. Kina chake hakifiki mita 60, na ziwa lenye kina kifupi likipigwa na upepo linatoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana haraka. Hayo ndiyo yanayojaza maji ndani ya chombo kidogo. Upepo unashuka ghafla kutoka kwenye miinuko. Tena kuna mamba na viboko. Na juu ya yote hayo, mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji, wanajeshi wako pande zote mbili, makundi yenye silaha yamesumbua mwambao mara nyingi, na jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021. Mtu anayekuuzia safari ya kayaki mahali kama hapo leo anakuuzia hatari.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu, na ana njia ya kufika, aende kwenye maziwa ya milimani yenye ghuba na utulivu. Kabla ya kulipa, aulize: mwongozaji atakuwa nami majini au atabaki nchi kavu? Jile ni la ukubwa wangu, na limo ndani ya bei? Tunatoka saa ngapi? Tutakaa mbali kiasi gani na ukingo? Nikianguka, nani ananitoa? Hali ya hewa ikibadilika, pesa yangu inarudi au tunapanga siku nyingine? Mwenyeji akikwepa maswali hayo, piga mguu urudi. Asiyejua kuogelea anaweza kupanda, mradi aseme mapema na jile lisitoke mwilini.

Tuchukue kanuni, vyombo tuviache

Tunachoweza kuleta Ituri leo si kayaki zenyewe. Ni kanuni zake, na kadhaa zingeanza bila kungoja Kinshasa.

Jile liingie ndani ya nauli, kama mafuta ya motere. Shirika la wenye boti, au la wavuvi, linaweza kununua kidogo kidogo, kukodisha kwa safari na kulipokea ng'ambo, boti ya kurudi ilirudishe. Msafiri asiyeweza kununua jile la kwake anaweza kulipia matumizi ya siku moja.

Hesabu ya watu iandikwe kabla ya boti kutoka, karatasi moja ibaki bandarini. Leo hii, boti ikizama, jambo la kwanza tunalolikosa ni jibu la swali rahisi: walikuwa wangapi? Familia zinakaa kando ya maji bila kujua kama ndugu yao alipanda au hakupanda.

Mstari uchorwe kwenye ubavu wa boti, rangi inayoonekana. Maji yakiufikia, hakuna mzigo wala mtu anayeongezwa. Mstari huo hausomi wala kuandika. Mama mchuuzi ataujua, mtoto ataujua, na nahodha hataweza kusema hakuona.

Watoto wa mwambao wafundishwe kuogelea na kuelea, wasichana pia, na wavulana wasiachiwe kujifunza peke yao kwa kujitosa. Na wazee wa uvuvi wanaosoma mawingu kuliko chombo chochote, wapewe sauti bandarini: wakisema siku hii ni mbaya, isitoke hata boti moja, hata ya mkubwa.

Wengine watasema tunazungumza juu ya majile wakati watu wanakimbia risasi. Ni kweli kwamba anayekimbia hasubiri kufunga kamba. Lakini ni hao hao wanaokimbia ambao wanahitaji kanuni hizi kuliko wote, na kanuni haziwezi kuzaliwa siku ya mbio. Zinazaliwa siku za kawaida za soko, zikazoeleka, ili siku mbaya ikifika jile liwe tayari liko pale.

Utalii, kama utakuja, utafuata njia hiyohiyo. Hakuna mgeni atakayekuja kupiga kasia kwa raha mahali ambapo wenyeji wanakufa kwa safari ya lazima. Bandari itakayojulikana kwamba boti zake zinahesabu watu, zinavalisha jile na zinaheshimu wingu, hiyo ndiyo siku moja itaweza kumpokea mtu na kayaki yake. Na hata kama hatakuja kamwe, wachuuzi wa Tchomia watakuwa wanarudi nyumbani na samaki wao.